Mtoto katoka vipele: maswali yenu kutoka Kigoma na Tabora

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora: Ujiji, Kasulu, Buhigwe, Uvinza, Tabora mjini, Urambo, Sikonge. Karibu kila moja inaishia na swali lile lile, "nipake nini?" Tutajibu, ila kwa wengi wenu jibu la kwanza ni kutopaka kitu mpaka mambo manne yajulikane: vipele vilianzia wapi, vinawasha au haviwashi, mtoto ana homa au hana, na nani mwingine humo ndani anavyo. Magonjwa matano yanaweza kutoa kipele cha sura moja, lakini ukiuliza hayo manne yanaanza kuachana. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

SWALI: Kila ninaposoma habari za vipele naambiwa nitafute wekundu. Wanangu ni weusi tii, huo wekundu siuoni. Niangalie nini? (Mama wa watoto wawili, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Una haki ya kulalamika, maana maelezo mengi yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwa ngozi nyeusi, penye ugonjwa huwa peusi kuliko jirani yake, au zambarau, au kijivujivu, na mara nyingi mkono huona kabla ya jicho. Mtoe mtoto mlangoni asubuhi. Tochi ya simu na taa za sola zenye mwanga wa bluu hudanganya. Mgeuze kidogo ili mwanga uje kwa ubavuni, na uvimbe hata mdogo utatupa kivuli. Kisha mpitishie mgongo wa mkono wako: penye tatizo pana joto, au pamekwaruza kama msasa, au pamenyanyuka. Linganisha mkono wa kulia na wa kushoto, paja na paja. Halafu nenda kwenye ngozi nyepesi: viganja, nyayo, ndani ya kope la chini, ndani ya mdomo.

Kuna kipimo kimoja kila nyumba inaweza kukifanya. Chukua glasi ya kioo, ikandamize juu ya doa, uangalie kupitia kioo. Doa la kawaida hufifia. Doa la damu iliyovuja chini ya ngozi halifutiki. Mtoto mwenye homa na madoa yasiyofutika ni wa hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana, kwa sababu anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo au vijidudu vimeingia kwenye damu. Hata kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha malaria, yataje madoa hayo kwa mhudumu. Mtoto wa huku kwetu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Na jambo la pembeni: alama nyeusi au nyeupe zinazobaki baada ya kipele kupona si mabaki ya ugonjwa. Hufutika zenyewe, ila huchukua miezi. Akina mama wengi hukosa subira hapo, wakaishia kwenye krimu za kung'arisha, na mtoto akapata ugonjwa wa pili ambao hakuwa nao.

SWALI: Wanangu wanne wanajikuna usiku kucha, hasa katikati ya vidole na makalioni. Niliambiwa ni upele nikanunua dawa ya maji nyeupe, BBE. Nikawapaka wawili waliozidiwa. Wiki 3 hazijaisha wote wamerudi kulekule. Dawa ni feki? (Mama, Ujiji)

JIBU: Dawa huenda ni nzima. Kilichoharibu ni kupaka wawili kati ya watu wa nyumba nzima.

Upele huletwa na kijidudu kidogo kinachochimba ndani ya ngozi na kutaga humo. Mtu aliyekipata kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiambukiza wenzake. Kwa hiyo wale wawili "wazima", wewe mwenyewe, baba yao, na binti wa kazi kama yupo, mnaweza kuwa nao bila dalili. Wote mpakwe siku moja, awashwaye na asiyewashwa. Dalili zinazoutofautisha upele na vipele vingine ni kuwasha kunakozidi usiku mtu akipata joto la kitanda, na mahali: katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, makalioni, sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga hutoka hata kwenye viganja, nyayo na kichwani, sehemu ambazo kwa mkubwa ni nadra.

Sasa dawa. Chupa inayouzwa ni ya asilimia 25, na nguvu hiyo ni ya mtu mzima na mtoto aliyepita miaka 12. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 changanya sawa kwa sawa: mililita 20 za dawa na 20 za maji yaliyochemka yakapoa. Wa chini ya miaka 2, sehemu 1 ya dawa kwa 3 za maji: mililita 10 za dawa na 30 za maji. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, linapatikana duka la dawa. Kijiko cha chai cha nyumbani hakina kipimo kimoja. Tikisa chupa kwanza, maana dawa hujitenga.

Ogeni jioni, mjifute mkauke kabisa. Paka kuanzia shingoni hadi nyayo bila kuruka: kitovu, chini ya kucha, katikati ya vidole vya miguu, mfereji wa makalio. Wa chini ya miaka 2 apakwe na kichwani, mbali na macho na mdomo, na avalishwe soksi mikononi asijilambe. Mtoto wa chini ya miezi 6 aoshwe baada ya saa 6, wa miezi 6 hadi miaka 2 baada ya saa 12, na mara 1 inawatosha. Wengine wakae nayo saa 24, waoge, wapake mara ya pili. Anayenawa mikono katikati apake tena mikononi; hapa ndipo wapishi wa nyumba hujisahau. Chupa moja ya mililita 100 haitoshi watu 6 kwa mara 2, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuanza. Mjamzito aseme kwanza kwa mhudumu.

Siku hiyo hiyo shuka, nguo na taulo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki saa 72, kijidudu hufa kikikosa ngozi. Vitu vinavyosahaulika ni vilevile kila mara: sweta la shule, neti, na mbeleko. Mbeleko ya bibi anayekuja kusaidia jioni inaweza kurudisha upele wote uliotibu.

Kuwasha kutaendelea wiki 2 hadi 4 hata vijidudu vikiwa vimekufa. Hilo linawafanya wengi warudie dawa kila siku mpaka ngozi inaungua, na ngozi iliyoungua nayo huwasha. Rudia tu ukiona vipele vipya vinatoka baada ya muda huo. Kama kuna vidonda vyenye usaha, vitibiwe kwanza kituo cha afya, kwa sababu BBE juu ya kidonda kibichi mtoto atapiga kelele mtaa mzima na hatakubali tena. Vidonda hivyo visidharauliwe. Wiki chache baadaye figo zinaweza kuathirika: uso unavimba asubuhi, mkojo unapungua na kuwa mweusi kama chai ya rangi. Ukiona hivyo usiende duka la dawa, nenda hospitali.

Mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe na maji ya betri, tuliyoulizwa katika barua nyingine tatu, vyote hapana. Vinapenya ngozi ya mtoto au kuiunguza.

SWALI: Mwanangu wa miezi 11 alianza homa na mafua siku 4 zilizopita, macho mekundu yanatoa tongotongo. Leo vipele vimetoka nyuma ya masikio na usoni. Mama mkwe anasema ni surua, nimfunike aote joto vitoke vyote, na asipelekwe hospitali visije vikarudi ndani. (Mama, Tabora mjini)

JIBU: Jina la ugonjwa mama mkwe amelipatia. Homa, kikohozi, mafua na macho mekundu kwanza, kisha siku ya 3 hadi ya 5 vipele kuanzia nyuma ya masikio, vikishuka usoni, kifuani, hadi miguuni kwa siku kama 3: huo ndio mwendo wa surua, na vipele vinavyoanzia tumboni au miguuni havina mwendo huo. Ila vipele havirudi ndani. Kinachoua ni nimonia, kuharisha, na macho kupofuka, na hivyo huja vipele vikiwa vimetoka vizuri kabisa.

Mpeleke leo. Ukifika sema mlangoni, kabla ya kukaa kwenye benchi, kwamba unahofia surua, ili mtengwe. Ugonjwa huu huambukiza kwa hewa, kuanzia siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake. Atapewa vitamini A, na hapo wasikuondoe na dozi moja: ni siku ya kwanza na siku inayofuata, yuniti 100,000 kila mara kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 (200,000 akishatimiza mwaka, 50,000 chini ya miezi 6). Vitamini hiyo inalinda macho na uhai, usiichukulie kama nyongeza tu. Macho yenye usaha hupewa mafuta ya tetrasaiklini.

Nyumbani mhesabie pumzi akiwa ametulia au amelala, dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni nyingi mno. Akishatimiza mwaka, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani, akikoroma akivuta hewa, mboni ikiwa na ukungu mweupe, au vidonda vya mdomo vikimzuia kunyonya, rudi bila kusubiri tarehe. Usimfunike blanketi, homa inapanda, na mtoto wa umri huo anaweza kupata degedege. Mnyonyeshe mara nyingi, uji usikatike.

Na kwa kuwa uko Tabora: asali ya kikohozi asipewe mpaka atimize mwaka 1. Iwe mbichi, iwe ya msituni, inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Chukua kadi za wote nyumbani. Mtoto mwingine aliyekosa chanjo, akichanjwa ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, bado inaweza kumkinga.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 6 ana malengelenge mwili mzima. Mtaani wanasema tetekuwanga, wengine Mpox. Sisi tuko karibu na mpaka, watu wanatoka Burundi kila siku ya gulio. Nitajuaje? (Baba, Kasulu)

JIBU: Swali la maana, na wala si uzushi wa mtaani: Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mpox kuwa dharura ya kimataifa kutokana na ulivyosambaa Kongo na nchi jirani, Burundi ikiwemo, na Machi 2025 Wizara ya Afya ilithibitisha wagonjwa nchini kwetu.

Tetekuwanga huanzia kifuani, mgongoni au usoni, hujaa kiwiliwili kuliko mikono na miguu, na huwasha sana. Lengelenge lake ni laini, kama tone la maji juu ya ngozi. Ukitazama eneo la ukubwa wa kiganja mgongoni mwake utakuta vyote kwa pamoja: vipele vipya, malengelenge, na vilivyokauka magaga. Mpox hutangulia na homa na uchovu, tezi zinavimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, na vipele vyake ni vigumu, vimekita chini, vingi vina kishimo katikati, vinauma zaidi ya kuwasha, hupenda uso, viganja na nyayo, na vya sehemu moja huwa hatua moja. Macho pekee hayatoshi kuamua, hata ya daktari. Kuna sampuli inayochukuliwa kwenye kipele. Ukiona tezi na vipele vya viganjani, mkae mbali na wengine, piga 199 bila malipo uelekezwe.

Ikiwa ni tetekuwanga, kata kucha, aoge maji ya uvuguvugu, apakwe losheni ya kalamini. Homa apewe parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 200 hadi 300. Soma kwenye chupa ina miligramu ngapi kwa mililita 5, maana dawa za maji hazina nguvu moja. Aspirini asiguse: ikikutana na tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo wa mtoto. Ibuprofeni nayo iacheni. Shule atarudi magaga yote yakishakauka. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua, kichanga, na mtoto anayeishi na VVU wasimsogelee, na wakishapata vipele waende kituoni siku ya kwanza.

SWALI: Darasani kwangu watoto 8 wana mapunye. Wazazi wanapaka krimu, wengine wanasugua na wembe kisha ndimu. Niwafukuze mpaka wapone? (Mwalimu, Urambo)

JIBU: Usiwafukuze, mwalimu, watakaa nyumbani miezi. Mapunye ya kichwani ni fangasi anayeishi ndani ya unywele wenyewe, chini ya ngozi, ambako krimu haifiki. Anatibiwa kwa vidonge, kwa kawaida griseofulvini, miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, wiki 6 hadi 8, vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, hata mboga iliyoungwa. Vikimezwa na chai kavu mwili hauvipokei vizuri, na wazazi huishia kusema dawa haifanyi kazi. Wengine huacha wiki ya 3 nywele zikianza kuota. Fangasi bado yumo.

Wembe unaopita vichwa vinane unaweza kusambaza VVU na homa ya ini, ni hatari kuliko mapunye yenyewe. Kinyozi aondoe nywele zote kwenye mashine na kuifuta kwa spiriti kila baada ya kichwa kimoja. Kofia na vitana visiazimwe.

Kichwa kikivimba tepetepe na kutoa usaha, wengi hudhani ni jipu wakakimbilia kupasua. Mara nyingi ni mwili unapambana na fangasi huyohuyo. Kisipasuliwe, kionwe na daktari. Mashilingi ya mwilini, yale ya duara yenye ukingo ulionyanyuka na katikati pamepona, ndiyo yanakubali krimu: klotrimazoli au mafuta ya Whitfield, mara 2 kwa siku, na uendelee wiki 2 baada ya kutoyaona tena.

SWALI: Mtoto ana miezi 7. Mashavu na mikunjo ya viwiko imekakamaa, inawasha. Dukani nilipewa krimu ya mchanganyiko, ikapona siku 3. Nikiacha inarudi zaidi. Nimeshamaliza tyubu 4. (Dada, Kitete, Tabora)

JIBU: Geuza tyubu, soma majina madogo mgongoni. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli, hiyo ndiyo inayokupa siku 3 za furaha. Ni steroidi kali, si ya uso wa mtoto. Inanyamazisha muwasho, huku ngozi ikikonda na kuchujuka rangi. Na kama chini yake kuna fangasi, anaenea kimyakimya. Baada ya tyubu 4 usiache bila ushauri, nenda naye kituoni pamoja na tyubu tupu wazione.

Ulivyoeleza inafanana na pumu ya ngozi, hasa kama kwenu kuna mwenye pumu au mafua ya mzio. Haiponi kwa dawa moja, inatunzwa. Kazi kubwa inafanywa na mafuta. Mwogeshe dakika 5 hadi 10, maji ya uvuguvugu, bila sabuni ya mche wala ya magadi. Mgandamize kwa taulo bila kusugua, na kabla ngozi haijakauka mpake mafuta mazito yasiyo na manukato, kisha tena mara 2 au 3 kutwa. Wakati wa kuwaka daktari anaweza kutoa haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache. Kipimo chake ni kidole: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kifundo cha kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Ngozi ikianza kutoa maji na kuganda rangi ya asali, bakteria wameingia, anahitaji dawa nyingine.

SWALI: Kichanga cha mwezi 1 kina vipele vidogo shingoni na mgongoni tangu joto lianze. Nampaka mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi) asubuhi na jioni, vinaongezeka. (Mama, Kibirizi)

JIBU: Ni harara, vijishimo vya jasho vimeziba, na mise inavizibia zaidi. Acha mafuta, mvue fulana la sufi kama umemvalisha, mwogeshe maji ya kawaida mara 2, akae kwenye hewa. Siku 3 utaona tofauti. Kwa kichanga angalia yafuatayo tu: vipele vyenye usaha, wekundu unaosambaa kuzunguka kitovu, joto la mwili au ubaridi usio wa kawaida, kugoma kunyonya. Chini ya miezi 2 lolote kati ya hayo ni la kituoni leo. Malengelenge viganjani na nyayoni tangu kuzaliwa nayo yaonwe haraka, huenda ni kaswende aliyoipata tumboni, na inatibika.

SWALI: Mjukuu wangu ana mwaka 1 na nusu. Ngozi ya mapajani imekuwa na mabaka meusi, inabanduka kama rangi ya ukuta. Nywele zimekuwa nyekundu. Huku tunasema amebemendwa. Nimempaka mawese, haijasaidia. (Bibi, Buhigwe)

JIBU: Shikamoo bibi. Tunaomba usome hili mpaka mwisho, maana barua yako ndiyo iliyotutia wasiwasi kuliko zote.

Bonyeza mgongo wa kila mguu wake, upande wa juu si wa kukanyagia, kwa kidole gumba, hesabu taratibu hadi tatu, ondoa. Pakibaki shimo miguu yote miwili, hiyo ni kwashakoo, si ugonjwa wa ngozi na si kosa la wazazi wake kitandani. Lawama ya kubemenda huwafanya wazazi waone aibu, wakamficha mtoto ndani mpaka mwili ushindwe. Hata shimo lisipobaki, mpeleke apimwe mkono kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali.

Mwende leo, bibi. Mtoto wa namna hii huonekana mnene wa mashavu kwa sababu ya maji, na watu husema ananawiri. Ngozi inayobanduka inapitisha vijidudu kama kidonda cha moto, na mwili hauna nguvu ya kupandisha homa, kwa hiyo usisubiri homa. Njiani afunikwe asipoe, na anyonye au anywe kidogokidogo. Anayekula vizuri na hana ugonjwa mwingine anaweza kutibiwa akitokea nyumbani kwa chakula dawa cha pakiti; anayekataa kula hulazwa. Asipewe dawa ya kukojoa ili uvimbe ushuke, hiyo inaweza kumuua. Akishatoka, ugali wa muhogo peke yake usirudi sahanini bila dagaa, maharage au karanga pembeni, kila siku.

SWALI: Mtoto ana majipu matatu mgongoni, yana kitundu, na anasema kitu kinacheza ndani. (Mama, Sikonge)

JIBU: Anasema kweli. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye mchanga. Buu linaingia kwenye ngozi na kukua humo siku 8 hadi 12. Usilikamue likiwa limejichimbia, likipasukia ndani panavimba. Ziba kitundu kwa mafuta mazito ya mgando, subiri dakika 20 au 30, lipande kutafuta hewa, kisha bana taratibu pande zote mbili kwa vidole gumba. Litoke zima, osha kwa sabuni. Nguo zote, nepi za kitambaa kwanza, zipigwe pasi ya moto pande zote mbili hata kwenye mishono. Vijipu vingi kwa mtoto mchanga, au vyenye homa, avione mhudumu.

SWALI: Sisi tuko kijiji cha ziwani, kusini mwa Uvinza. Boti ni alfajiri tu, na ziwa likichafuka hakuna. Nitajuaje kwamba hiki kipele si cha kusubiri? (Baba wa mmoja)

JIBU: Anayetegemea boti afanye uamuzi jioni ya siku iliyotangulia, hiyo ni sheria ya kwanza. Usingoje hata saa moja ikiwa mtoto hanyonyi au hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri. Tafuta chombo chochote. Vivyo hivyo kwa madoa yasiyofutika kwa glasi, midomo au macho kuvimba ghafla pamoja na pumzi ya shida, na vipele vilivyotoka baada ya kuanza dawa mpya, hasa za salfa, vikiambatana na vidonda mdomoni, macho kuuma au ngozi kuchubuka. Dawa hiyo isimamishwe papo hapo.

Boti ya alfajiri inatosha kwa dalili za surua, usaha unaosambaa, wekundu wenye joto unaokua (uzungushie mstari wa kalamu ya wino jioni, asubuhi ukiwa umevuka mstari, ondokeni), uvimbe wa uso, na kichanga mwenye usaha. Upele, mapunye, harara na mashilingi vinaweza kusubiri siku ya kwenda mjini kununua chumvi na sukari.

Beba kadi ya kliniki, pakiti zote za dawa alizotumia hata za kienyeji zikiwa kwenye kikaratasi, na andika saa aliyomeza parasetamoli ya mwisho. Usimpake chochote asubuhi hiyo, hasa GV, ile dawa ya maji ya zambarau. Zambarau yake inafunika kila kitu na mhudumu hataona kipele.